Limebaki Duty Tu

Katika shule ya bweni niliyosoma, duty ilikuwa na harufu. Jumapili jioni kiranja alibandika karatasi mlangoni, nasi tukaisogelea kama watu wanaosoma matokeo ya mtihani: nani kaangukia kufagia uwanja, nani kupiga deki bwenini, na nani, Mungu amstiri, kapata vyoo. Kufagia uwanja kulikuwa duty kwa jina tu. Duty yenyewe, ile iliyotajwa bila maelezo, ilikuwa vyoo.

Mdogo wangu aliyachukua maarifa haya akaenda nayo nyumbani likizo. Shangazi yetu ni muuguzi, na siku moja walikuja wageni kumuulizia. "Hayuko," akawajibu kwa huruma, "kapewa duty hospitali, na safari hii ni ya usiku." Mgeni mmoja akauliza ni duty gani hiyo. Kijana akashusha sauti. "Hawakusema. Lakini alibeba sabuni."

Waingereza walilichonga neno hili kutoka kwa due, yaani kinachodaiwa, na tangu hapo kila mwenye dai amelifanya lake. Taifa likitaka damu yako, ni duty. Serikali ikitaka fedha, ni duty. Hospitali ikitaka usingizi wako, ni duty. Mwenye duka naye akaandika heavy duty juu ya turubai, bei ikapanda.

Kinachonichekesha ni kwamba hata Waingereza wenyewe liliwahi kuwatatiza siku ya haja. Tarehe 21 Oktoba 1805, karibu na rasi ya Trafalgar huko Uhispania, Amirali Nelson alitaka kuzikumbusha meli zake zote, kwa bendera, kwamba England ina imani kila mtu atatimiza duty yake. Ofisa wa ishara, John Pasco, akamwomba abadilishe neno "ina imani" liwe "inatarajia", kwa kuwa la kwanza halikuwamo katika kitabu cha ishara na lingekula bendera nyingi. Sawa, likabadilishwa. Walipofika kwenye duty, nalo halimo! Ikabidi walipandishe herufi moja moja, D, U, T, Y, huku wakizidi kumkaribia adui. Kitabu cha ishara cha jeshi zima la majini, na wajibu hakuna aliyekumbuka kuutia. Labda mtungaji aliogopa mabaharia wangeuliza: ya vita au ya vyoo?

Wanasheria wao walipata duty yao ndani ya chupa. Mwaka 1928, katika mkahawa mmoja mjini Paisley, Uskoti, Bi. May Donoghue alinunuliwa na rafiki yake soda ya tangawizi, na masalio yalipomiminwa, alisema, akatoka konokono aliyeoza. Kesi ilifika hadi kwa mabwana wakubwa wa London, nao mwaka 1932 wakaamua kwamba mtengenezaji ana duty kwa mnywaji asiyemjua wala kumuuzia. Wanafunzi wa sheria wa Nairobi wanamkariri konokono huyo mpaka leo, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kuthibitishwa mahakamani.

Lakini hayo ni mchezo mbele ya yaliyomfika mjomba wangu, mwalimu mstaafu, alipoagiza gari kutoka Japani. Masharti aliyafuata yote: gari halijapita miaka minane, usukani uko kulia. Wakala wa forodha akampigia simu. "Mwalimu, gari limefika Kilindini. Limebaki duty tu."

Mjomba amekuwa mwalimu wa zamu nusu ya maisha yake. Alichoelewa ni kwamba gari liko salama, linamsubiri mtu wa zamu. "Hakuna haraka, mwanangu," akasema, "mwacheni kwanza apumzike." Akakaa kungoja kwa adabu, na bandarini gharama za kulihifadhi gari zikapanda kila kukicha.

Mambo yalipofafanuka, akatoa risiti ya Japani kwa fahari. Haikumfaa kitu. Kwa gari kuukuu, hesabu ya Kenya haianzi na bei uliyolipa. Inaanza na bei ya gari la aina hiyo likiwa jipya, halafu inapunguzwa kwa uchakavu. Juu yake ikaja import duty, asilimia 35. Mjomba akameza mate. Juu ya jumla hiyo, excise duty.

"Hii ya pili ni ya nini?"

"Hii nayo ni duty, Mwalimu."

"Si nimeshalipa duty?"

"Ndiyo. Sasa unalipa duty ya gari lililolipiwa duty."

Kisha VAT, asilimia 16, juu ya rundo zima. Mjomba, ambaye alifundisha hesabu, akaipitia karatasi kutoka juu mpaka chini, kalamu nyekundu mkononi, akitafuta kosa. Hakuliona. Nadhani hilo ndilo lililomuuma zaidi. Angalau kungekuwa na kosa angewarudishia wafanye masahihisho.

Baadaye alikwenda Umra, ndege ikapitia Dubai. Usiku wa manane simu ya wakala ikalia. "Kijana, niko uwanja wa ndege. Kuna gari hapa, jipya, linang'aa, na juu yake wameandika kwa herufi kubwa: Duty Free."

Wakala, macho yakiwa bado yamefumba, akamweleza kuwa hilo ni la bahati nasibu. Watu hununua tiketi. Hakumdanganya, katika maduka yale magari yamekuwa yakishindaniwa tangu 1989.

"Astaghfirullah," akasema mjomba, "mimi niko njiani kwenda Makka." Akanyamaza kidogo. "Lakini tuseme tu, mtu amelipata, akalileta Mombasa?"

"Duty italipokea gatini, Mwalimu. Na kabla ya hapo, hebu angalia, usukani uko upande gani?"

Mjomba akachungulia dirishani. Kushoto.