Kwa Heshima ya Mshtuko

Moyo umetungiwa mashairi, macho yamesifiwa hadi yakavimba kichwa, lakini mshtuko haujapata hata ubeti mmoja. Mlango ubamizwe na upepo: kope zinafumba ndani ya takribani sehemu 40 za elfu za sekunde, shingo inajikunyata, mabega yanapanda, chai inafika kwenye kanzu, na mwenye kanzu bado hajajua kumetokea nini. Habari imetoka sikioni hadi kwenye shina la ubongo, na amri imeteremka uti wa mgongo bila kupitia kwa wakubwa. Ubongo wa juu, ule wenye digrii, unaarifiwa baadaye. Afadhali; ungeitisha kikao. Charles Darwin alijaribu kuushinda mshtuko. Katika kitabu chake cha 1872 kuhusu hisia za binadamu na wanyama, anaeleza alivyosogeza uso kwenye kioo kinene cha banda la bafe, London, akiwa ameazimia kutorudi nyuma. Nyoka aliposhambulia, azimio halikufaa kitu: aliruka nyuma yadi moja au mbili. Kioo kilikuwa imara na akili timamu, ila hakuna aliyeviomba ushauri.

Wapo watakaosema mshtuko ni mzushi, unatangaza simba kumbe ni paka. Ni kweli, tena kila siku. Lakini kope iliyofumba bure haijamtia mtu hasara, na jicho lililotoboka haliuzwi dukani. Wala si mkaidi kama unavyosingiziwa. Kishindo kilekile kikirudiwa, nguvu za mshtuko hupungua. Sauti hafifu ikikitangulia kwa sehemu ya kumi ya sekunde, hupoa. Mtu akiwa na hofu tayari, huongezeka. Mtumishi anayepima hali namna hiyo, tena kwa kasi hiyo, maofisini ni adimu. Imebaki shutuma ya utovu wa adabu, kwamba unamrusha mtu mzima mbele ya wakwe. Waliosomea uzazi hawaoni aibu hiyo. Wao huushtua mwili makusudi: hukiachia kidogo kichwa cha mtoto mchanga na kukidaka papo hapo, naye hutupa mikono yote miwili kando, kisha huikunja kama anayekumbatia. Mkono mmoja ukikataa kutupwa, wanaanza kupapasa mtulinga, huenda ulivunjika wakati wa kuzaliwa.