Kitabu cha Nungunungu

Hekaya hii haina tarehe. Wapo wanaoiweka kabla ya mwaka 1891, Mdachi alipofungasha makao yake makuu pale Bagamoyo akayahamishia Dar es Salaam, na wapo waapao kwamba ni ya juzi tu. Mimi niliyeipokea kwa mdomo naipeleka nilivyopewa, chumvi yake sikuipunguza wala sikuiongeza.

Palikuwa na nchi ya wanyama iliyoanzia mto Mpiji, pale ambapo leo msafiri atokaye Bunju huvuka akaingia Mapinga, ikafuata pwani kupita Kerege na Zinga hadi kwenye matope ya Ruvu, huku mikoko, huku minazi. Kila pori lilichagua mjumbe wake, na wajumbe wote walikutana kila baada ya miezi mitatu chini ya mbuyu wa Kaole. Mwenyekiti alikuwa Kiboko, aliyechaguliwa na wenziwe kwa upana wa sauti na wa makalio. Lakini katibu, Nungunungu, hakuchaguliwa na yeyote. Aliletwa na Simba kutoka mbali, akaja na miiba yake, na miiba ndiyo kalamu.

Baraza lenyewe lilikuwa na historia. Simba mmoja wa kale alipata kuyavunja mabaraza yote, akidai domo la wajumbe linachelewesha maendeleo (aliyenisimulia alitaja mwaka 1972, ingawa wanyama hawahesabu hivyo). Njia zikaota majani, visima vikafukiwa, na masika kumi yakapita ndipo ikaandikwa sheria ya kuyarudisha. Furaha ilikuwa kubwa hata hakuna aliyefunua kinywa cha baraza kuangalia kama lilirudi na meno yake.

Mjumbe wa Mapinga alikuwa Paa, naye alitumwa na mambo mawili. La kwanza, gogo lililokuwa kivuko cha kijito lilichukuliwa na mafuriko, na watoto wa ng'ambo hawapati kuvuka. La pili, shimo moja chini ya mkwaju limegawiwa wenyewe watatu, Fuko, Ngiri na Kenge. Kila mmoja ana jani lake la umiliki, na kila jani lina alama ya ukucha ule ule.

Paa akasimama, akanena, "Mheshimiwa Mwenyekiti, watoto wetu hawavuki." Kiboko akafumbua jicho moja. Nungunungu akang'oa mwiba, akauchovya katika wino wa ngisi, akaandika kwa hati nzuri mno, kisha akasoma: hoja imepokelewa. Wajumbe wakapiga kwato. Paa akarudi Mapinga na habari kwamba limepokelewa, na usiku ule palichezwa ngoma.

Kikao cha pili kilifunguliwa, kama ilivyo desturi, kwa Yatokanayo, yaani kusomwa upya kwa yote yaliyokwisha kupokelewa. Kivuko kikasomwa: linafanyiwa kazi. Kikao cha tatu: linaendelea kufanyiwa kazi. Cha nne: mchakato uko katika hatua nzuri. Cha tano ikagundulika kuwa njia zote, bila Mapinga kuambiwa, zilikwisha kukabidhiwa Tembo, ambaye hakai barazani bali bara huko, katikati ya nchi kavu, basi ataandikiwa. Ama kuhusu shimo, iliundwa kamati; kamati ikaenda, ikalala huko siku tatu, ikarudi na taarifa ndefu isemayo kwamba shimo ni moja.

Asidhani mtu kuwa Nungunungu alikuwa mvivu au mwizi; angekuwa mwizi, hekaya hii ingekuwa nyepesi kusimulia. Alikuwa mchapakazi asiyeacha neno la mjumbe lidondoke chini. Ila aliamini, kwa moyo safi kabisa, kwamba jambo likishaandikwa limekwisha kutendwa nusu, na wajumbe wakaamini naye, maana ni utamu ulioje kusikia maneno yako mwenyewe yakisomwa mbele ya watu! Kitabu kikanenepa. Kilikuwa cha magome ya mbuyu yaliyoshonwa kwa ukindu, na kila kikao kikaongeza magome yake: mwanzo Nungunungu alikichukua kwapani, kisha akakibeba Punda, mwisho Nyati wawili wakawa wanakiburuta juu ya mashina ya mgomba. Yatokanayo yakasomwa tangu alfajiri hadi magharibi. Hoja mpya zikasogezwa kwenye Mengineyo, na Mengineyo yalipofika ilikuwa giza, wakayasikia popo. Hata hivyo kila mjumbe aliondoka na pakacha lake la korosho, ambalo halikupata kuchelewa hata mara moja, wala Tembo hakuandikiwa.

Mwaka wa nne, Paa, ambaye pembe zake zilikuwa zimeanza kupauka, aliomba baraza liende likajionee. Ziara ikapendwa na wote. Wakashuka Mapinga kwa msururu mrefu, Kitabu katikati, wakafika ukingoni kijito kikiwa kimejaa. Wenyeji walikuwa wamepika ng'ambo, na harufu ya mihogo ya nazi ikavuka maji ilhali wageni hawavuki. Kiboko angeweza kupita, lakini siku hiyo alivaa joho.

"Kwani hapa hapana kivuko?" akauliza, kwa mshangao wa kweli.

Paa alimtazama tu. Nungunungu akafunua Kitabu, akathibitisha: hapana, na kumbukumbu zinaonyesha limesemwa mara kumi na tano.

Njaa haingoji muhtasari. Nyati wakakisukuma Kitabu, kikalala ukingo hadi ukingo, waheshimiwa wakapita mmoja mmoja wakiinua nguo. Kiboko alipopita, kikadidimia kwenye tope, kikatulia kana kwamba kilizaliwa pale. Jioni walirejea juu yake wameshiba, wakajaribu kukivuta, wapi! Wakaenda zao. Asubuhi yake mtoto wa Paa akanusa wino, akapiga chafya, akavuka.

Kikao kilichofuata Nungunungu alikuja na gome moja tu jipya. "Yatokanayo," akatangaza Kiboko.

"Hakuna," akasoma Nungunungu, sauti ikimtetemeka.

Ikafuata taarifa ya utekelezaji: kivuko cha Mapinga kimekamilika. Kwato zikapigwa mpaka mabuyu yakaanguka. Barua ikaandikwa kwa Simba, nakala kwa Tembo. Paa naye alipiga kwato, angefanyaje?

Ndipo kule nyuma, mahali ambapo raia huruhusiwa kukaa na kusikiliza tu, wakasimama Fuko, Ngiri na Kenge, kila mmoja ameshika jani lake lililokauka, wakauliza habari za shimo. Nungunungu akatazama mbele ya gome, akatazama nyuma yake. Akang'oa mwiba, akauchovya.

"Shimo lipi, ndugu zangu?" akasema kwa upole. "Hebu anzeni mwanzo."