Irente na Shuka la Gesti

Mwambie mtu wa Dar es Salaam kwamba Lushoto iko mkoa wa Tanga, umeshampoteza. Tanga kwake ni minazi, jasho na feni. Ndivyo ilivyokuwa kwa fundi simu mmoja wa Kariakoo aliyemwahidi mkewe matembezi ya Julai. Alifungasha bukta, kandambili na kofia mpya, akafunga begi.

Kumbe Lushoto imekaa mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa kawaida kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua nyuzi kama 6. Wajerumani waliokuwa wakiikimbia pwani walilijua hilo mapema. Wakapanda, wakauita mji Wilhelmstal kwa heshima ya Kaisari wao.

Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905 ikaendelea zake tambarare kuelekea Moshi. Anayekwenda Lushoto huchepuka hapo na kuanza kona, kilomita 33 hivi, mwamba upande huu na bonde upande ule. Zamani abiria aliyechafukwa tumbo alipewa rambo, mambo yakaisha. Tangu Juni 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, kila mtu hujitegemea. Basi lilipofika Soni abiria wakanyoosha shingo kuyaona maporomoko. Fundi alikuwa ameinamia kofia yake. Kofia hiyo haikufika Lushoto.

Jioni mkewe aliingia sokoni akajinunulia sweta la mitumba.

"Chukua na wewe, baba."

"Baridi gani hii ya kuvalia sweta?"

Asubuhi fundi alitoka gesti amejitanda shuka la kitanda.

Kutoka mjini hadi jabali la Irente ni kilomita 5 au 6. Bodaboda zipo, ila fundi alisema ni uvivu. Njiani wakakutana na watoto.

"Shikamoo!"

"Marahaba. Jabali bado mbali?"

"Hapo tu."

Walipokuwa wameshatembea sana wakawauliza wengine, jibu likawa lile lile. Mama mtu mzima mwenye mzigo wa kuni kichwani akawapita mlimani, akawapa pole bila hata kuhema. Kandambili ya kushoto ikakatika mkanda.

Anga likitakata, Irente haina mchezo. Mlima unakatika ghafla. Chini huko, karibu mita 1,000, kuna Mazinde, barabara ya Moshi na nyika inayokwenda mpaka macho yachoke. Mashamba ya mkonge yamechorwa mistari, zao lililoletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, miche 62 tu ikifika ingali hai. Mazinde ndiko alikojenga mtawala Semboja katika karne ya 19, akaifuata misafara ya biashara huku makao makuu ya Wakilindi wenzake, ukoo uliotawala Usambara, yakiwa Vuga, juu milimani. Asubuhi ile fundi angemwelewa sana Semboja.

Hayo yote hakuyaona. Hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi ikiifikia milima ya Usambara hulazimika kupanda, ikipanda hupoa, ikipoa huwa ukungu, na ukungu haujali nauli uliyolipa. Kijana mwenyeji aliyekuwa akiwaongoza hakutaka kazi yake iharibike.

"Kaka, pale mbele ndiyo Mazinde."

Fundi akautazama weupe kwa adabu.

"Na kule ndiyo reli."

"Naam, naiona."

Mkewe akatoa simu. "Sogea nyuma kidogo, jabali litokee."

"Nyuma wapi, mama? Bima hatuna!"

Akapigwa picha pale alipo: uso umesawijika, mguu mmoja peku, shuka jeupe mpaka shingoni na nyuma yake weupe mtupu. Mkewe akaituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo bila kuandika neno.

Mjomba wa Kigamboni alikuwa wa kwanza kujibu: "Pole sana mwanangu. Umelazwa hospitali gani?" Kabla fundi hajapata mtandao wa kujieleza, shangazi alikwishatuma elfu ishirini ya dawa, na binamu mmoja alikuwa akiuliza mweka hazina ni nani.

Elfu ishirini ile haikurudishwa. Bodaboda mbili za kurudi mjini zililipwa humo, na sweta pia, la kike, kwa kuwa ya kiume yalikuwa yameisha.