Beji kwa Wakwangua Chumvi

Tangu shirika la Mozilla lilipoanzisha mradi wa beji za kidijitali mwaka 2011, mtu huhudhuria warsha ya saa mbili, akanywa chai na mandazi, akaondoka na kinyota kwenye simu: “Kiongozi Mbunifu”. Hongera zake! Huku Marereni, kwenye mabwawa ya chumvi ya pwani ya Kenya, wapo akina mama wakwangua chumvi wanaotupia jicho maji ya bwawa wakajua chumvi itaganda lini, na hawana hata karatasi. Sheria ya mwaka 2014 iliyounda KNQA, mamlaka ya Kenya inayosimamia sifa za kitaaluma, inatambua pia ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Basi wapeni nao kinyota, ila kitumeni pamoja na bando la intaneti. Na kama yupo mwajiri aliyewahi kuongeza mshahara kwa ajili ya kinyota, tafadhali atuonyeshe lango lake.