Leseni ya Kumrudisha Samaki

Carlisle, Pennsylvania, Novemba



Mjomba, wewe na Shangazi na wote wa barazani, mkisikia nimekwenda kuvua, msibandike chungu. Huku nimelipia leseni ya kuvua, juu yake nikalipia kibali kingine cha samaki mmoja tu aitwaye trauti, kisha nikapelekwa kwenye mto ambao ukimpata huyo trauti sharti umrudishe. Mzima! Nikamuuliza mwenyeji wangu, mzee wa kazini, sasa tumelipia nini? “Kuvua,” akanijibu, akaendelea kufunga viatu. Tafadhali barua hii isisomwe mbele ya wachuuzi wa samaki wa Deep Sea huko Tanga.

Mto wenyewe ni Letort, na kwa upana wake sisi tungeuita mfereji. Maji yanachimbuka kwenye mawe ya chokaa, jamii moja na yale ya Mapango ya Amboni, ndiyo maana pale chemchemini joto lake halibadiliki sana mwaka mzima: nyuzi 10 au 11 hivi. Asubuhi ya baridi kali mto unafuka mvuke. Nilipouona nikavua glavu kwa furaha, nikachovya mkono. Mvuke wa uongo mtupu. Lakini chokaa hiyo hustawisha majani ya majini, majani yakafuga wadudu, wadudu wakamnenepesha samaki, na samaki aliyeshiba hababaiki na chambo cha mtu.

Chambo chenyewe sasa! Si ngisi wala dagaa. Ni uzi na manyoya yaliyofungwa kwenye ndoana ndogo kuliko punje ya mchele, eti kijidudu cha mabawa ya kijivu kinachoibuka alasiri za mawingu. Mzee ana kisanduku kimejaa vitu hivyo. Mimi naviona vyote kimoja. Yeye anavaa miwani mbili, moja juu ya nyingine, na kuvichambua kwa kibano. Halafu kurusha. Kwetu chubwi ndiyo hubeba mshipi: unazungusha, unaachia, unakwenda zake. Huku ndoana haina uzito wowote, kwa hiyo mshipi ndio mzito, nao ndio unaorushwa. Unaupeleka nyuma, unangoja unyooke hewani, ndipo unausukuma mbele, na mwisho wake una uzi mwembamba wa kama sehemu ya kumi ya milimita. Huko nyuma kuna miti, nayo nimeivua vizuri sana.

Maji ni maangavu mno, samaki anakuona kabla hujamwona. Basi tukatambaa kwa magoti, watu wazima na suruali za mpira hadi kifuani. Palipo na changarawe iliyong'arishwa hapakanyagwi, maana msimu huu trauti wa kahawia anataga, na mzee akashusha sauti kabisa tulipopita. Na huyo trauti ni mhamiaji kama mimi! Ukoo wake uliletwa Marekani ukiwa mayai, kutoka Ujerumani, mwaka 1883. Yeye hajaulizwa karatasi mpaka leo.

Mzee akampata mmoja. Akalowesha mikono kwanza ili asimkwangue ute, akachomoa ndoana, ambayo kijino chake alikwisha kukibana kwa koleo, akamshika majini kichwa kikielekea mkondo hadi akapata nguvu. Ubavu wa dhahabu, madoa mekundu yenye pete nyeupe. Mzee akanong'ona kwamba ni mzuri. Mimi nilikwisha kumpasua, kumpaka ndimu na chumvi, na tui la Shangazi lilikuwa linatokota. Akapiga mkia, akaenda zake. Macho yakanilenga machozi, nikasingizia upepo.

Sasa Mjomba, kuna jambo. Mzee amependa habari zangu za Tanga, na mwakani anataka kuja kuvua nanyi. Mpokeeni, mpeni nafasi ya mbele ngalawani, lakini akipata changu mnyang'anyeni haraka. Akimrudisha baharini mbele ya Shangazi, mimi simjui.