Sifa za Mavi ya Alumini

Miongoni mwa vitu vilivyodhulumiwa heshima yao, ni vichache vilivyoonewa kama mavi ya alumini, yaani ule utando wa kijivu wenye vinyweleo na madonge ambao huelea juu ya alumini iliyoyeyushwa, na ambao msubu wa sufuria huuengua kwa upawa wa chuma na kuumwaga kando ya tanuri kana kwamba haukuwahi kuwa sehemu ya mali yake. Dhahabu imetungiwa mashairi na fedha imepambiwa maharusi, lakini mavi haya yameambulia jina lao tu, ilhali kwa nasaba yangeweza kukaa safu ya mbele.

Alumini inapogusana na hewa, papo hapo huvaa ngozi nyembamba ya oksidi, yaani muungano wa metali na oksijeni. Na oksidi hiyo ndiyo ambayo, ikijifanya fuwele ardhini na kuchanganyika na chembe chache za kromiamu, huitwa yakuti nyekundu na kuchimbwa Longido, na ikipata chuma na titaniamu huwa yakuti ya samawati kama ile ya Tunduru. Kinachomwagwa na msubu, basi, ni ndugu wa damu wa kito cha kwenye pete, ila ndugu huyu hakubahatika kuzaliwa mahali pa heshima.

Uthabiti wake nao haushukiki. Alumini husalimu amri kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, joto ambalo tanuri la mkaa lenye feni hulifikia bila taabu, wakati oksidi haiyeyuki mpaka zipite nyuzi 2,000. Isitoshe, oksidi ni nzito kuliko metali iliyo chini yake na kwa haki ingezama, lakini kwa kuwa imejaa hewa hubaki juu, jambo ambalo waliowahi kufanya kazi chini ya wakubwa hawatalistaajabia.

Hata hivyo, fadhila iliyo kuu ni uaminifu, kwa maana mbili. Kwanza, mavi hayaachi kirahisi yalichokishika: katika mikunjo ya ngozi zake hunaswa matone ya metali, kiasi kwamba mavi meupe, yaani yale yatokayo kwenye metali safi iliyoyeyushwa bila chumvi, huweza kuwa na alumini tangu asilimia 15 hadi 80 ya uzito wake. Pili, hayamfichii fundi dhambi zake. Akitia chakavu chenye maji, mafuta au rangi, akizidisha moto, akikoroga kwa pupa, au akipendelea makopo ya soda, ambayo kwa wembamba wake ni ngozi nyingi na nyama kidogo, yote hayo huandikwa juu ya chungu chake kwa unene wa utando, na hakuna mhasibu anayeweza kuhongwa aufute.

Mavi haya yana ghadhabu pia, kama inavyomstahili mwenye nasaba. Yakienguliwa na kuachwa wazi yangali moto, metali iliyomo huanza kuungua, joto lake huchochea kuungua zaidi, na rundo hung'aa lenyewe mpaka utajiri wote umegeuka oksidi. Ndiyo maana viwanda vikubwa huyakandamiza yangali moto kwa mashine ya chuma inayoyapoza huku ikiyakamua. Yaliyopoa husagwa na kuchekechwa: oksidi huvunjika kuwa unga, ilhali metali hubondeka tu na kubaki juu ya chekeche.

Yasiyokubali kushawishiwa hivyo hupelekwa katika tanuri linalozunguka na kutiwa chumvi, nyingi yake ikiwa ile ile ya mezani iliyochanganywa na kloridi ya potasiamu na floridi kidogo. Chumvi hiyo huyeyuka, huichana ngozi ya oksidi, na matone yaliyotengana hukutana. Kazi hii ina faida, kwa sababu alumini iliyookolewa hugharimu takriban asilimia 5 tu ya nishati inayohitajika kuitoa kwenye mawe yake. Mavi, kwa kutotaka kufa bila mrithi, huacha masalia ya chumvi ambayo Ulaya imeyaorodhesha kuwa taka hatari.

Na mavi yakizikwa, hayanyamazi. Nitridi, ambayo ni alumini iliyoungana na nitrojeni ya hewani, ikilowa hutoa amonia, harufu anayoijua kila aliyefagia banda la kuku. Kabidi, yaani alumini iliyoungana na kaboni, hutoa methani. Na metali yenyewe hutoa haidrojeni iliyo tayari kulipuka. Katika kaunti ya Stark, jimbo la Ohio nchini Marekani, dampo lililoyapokea kwa ukarimu lilipata joto na kunuka, hata mamlaka za mazingira zikalazimika kuingilia kati.

Sokoni, mwishowe, mavi haya huwatendea watu wote usawa. Kwa kuwa jicho haliwezi kupima metali iliyojificha ndani ya donge, muuzaji huapa kuwa rundo limejaa alumini, mnunuzi huapa kuwa ni majivu matupu, sampuli huyeyushwa mbele ya mashahidi, na kila mmoja huondoka akiamini kuwa amepunjwa.