Nyang'au Hasajiliki

Programu ya kwanza ya kijana wa Sironga, kaunti ya Nyamira, kwa kawaida huwa ya kuweka hesabu za chama cha mama yake, na kwa kawaida huangushwa na jina. Moraa husajiliwa bila matata. Anapofuata Nyang'au, skrini hujaa maandishi mekundu. Katika SQL, lugha ya kuagizia hifadhidata, ritifaa, ile alama iliyo katika ng', hutangaza kwamba maandishi yamekwisha. Kompyuta husoma "Nyang", hufunga mlango, kisha hushangaa "au" iliyobaki nje inamtafuta nani. Vitabu vya ng'ambo havimwonyi mtu, maana humo wamejaa akina John na Mary, watu wasio na usumbufu.

Wengi huponea kwa kuifuta ritifaa. Mama Nyang'au akigeuzwa Nyangau, jina lake halilingani tena na kitambulisho, na ugomvi huhamia kwenye mkutano wa chama. Dawa yenyewe ni kupeleka jina kando na amri, kama kigezo, visichanganywe. Tena dawa hiyo humzuia mwizi anayeandika amri zake kwenye kisanduku cha jina.

Baada ya jina huja simu. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, chama kisicho na namba za wanachama hakiendi mbali. Namba ikihifadhiwa kama hesabu, sufuri ya mbele hutoweka: 0722 huwa 722, na mchango haujulikani umeenda wapi. Namba ya simu haijumlishwi wala haigawanywi, basi ihifadhiwe kama maandishi.

Halafu mvua ya alasiri hunyesha, stima hupotea, na kazi ya mchana kutwa huenda nayo. Dawa yake ni Git: programu hiyo, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, hutunza kila hatua iliyowekwa rasmi. Nakala ikipelekwa kwenye seva ya mbali, hata kompyuta ikiungua kazi ipo.

Kijana akitafuta kazi, programu inayotumiwa na akina mama wa chama kila wiki humshawishi mwajiri kuliko rundo la vyeti. Shida ni kwamba sifa zikienea, mjomba huleta redio itengenezwe, na mteja wa pili hulipa kwa mkungu wa ndizi. Ndizi zipokelewe kwa heshima. Lakini bei itajwe kabla ya mstari wa kwanza kuandikwa, na itajwe kwa shilingi.